Jembe na Nyumba: uchambuzi wa uchaguzi wa Bunge wa 1965 nchini Tanzania

Kisa kwa ufupi

Septemba 1965 wananchi wa Tanzania Bara walipiga kura kuchagua wabunge, katika nchi ambayo sheria ilikubali chama kimoja tu upande wao, yaani TANU (Tanganyika African National Union). Kura zilipohesabiwa, Waziri wa Fedha alikuwa ameanguka. Alianguka na waziri mwingine mmoja, mawaziri wadogo sita, na wabunge kadhaa waliokuwa Bungeni tangu wakati wa uhuru. Waliowaangusha walikuwa wanachama wa TANU kama wao, walisimama kwa ilani hiyohiyo, na majina yao yalipitishwa na kikao hichohicho.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu watu wengi hukihukumu haraka. Wapo wanaosema chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hapakuwa na uchaguzi. Wapo pia wanaoukumbuka mwaka huo kama ushahidi kwamba vyama vingi havikuhitajika hata kidogo. Kila upande una jambo la kweli mkononi, lakini hakuna ulioangalia kanuni zilivyofanya kazi jimboni. Msimamo wangu ni huu: uchaguzi wa 1965 ulimpa mpiga kura uwezo halisi wa kumwondoa mtu, ukamnyima uwezo wa kubadili njia ambayo nchi inakwenda. Waliotunga kanuni waliijua tofauti hiyo vizuri.

Wagombea wa kawaida wa majimboni sitawataja kwa majina, wala sitaeleza mambo yao kwa namna ya kuwatambulisha. Wanaotajwa ni viongozi wa kitaifa ambao habari zao ziko katika kumbukumbu za umma.

Hali ilivyokuwa kabla

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na miaka sita baadaye ilikuwa imeshashika karibu kila kona ya Tanganyika. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, uliotangulia uhuru, palikuwa na viti 71 na TANU ikachukua 70. Ila namba hiyo inaficha jambo: viti 58 kati ya hivyo vilipatikana bila kupingwa. Sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura kabisa. Mbunge aliteuliwa na chama, hakuna aliyejitokeza kumpinga, akatangazwa.

Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na hicho kinafundisha kuliko vile 70. Chama kilipitisha jina lake, lakini wenyeji walikuwa na mtu wao, Herman Sarwatt, naye alikuwa mwana TANU. Alisimama kama mgombea binafsi akashinda. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu na watu wa mbali. Ukitaka kujua kwa nini miaka mitano baadaye chama kiliamua kuwapa wananchi wagombea wawili, anzia hapo.

Novemba 1962 Julius Nyerere aligombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC, chama kidogo cha upinzani cha Tanganyika, akapata kama asilimia 98 ya kura. Upinzani ulikuwa huru kisheria, lakini nguvu haukuwa nayo. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja kisheria. Hoja aliyoieleza Nyerere mwaka huo ilikuwa kwamba pale chama kimoja kinapobeba taifa zima, uchaguzi wa vyama unamnyima mwananchi nafasi ya kuchagua: mgombea wa chama anapita moja kwa moja, na mwananchi anayetaka mtu mwingine anaonekana msaliti wa chama chake. Dawa yake, alisema, ni kufungua ushindani ndani ya chama.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Mtu aliyeishi katika mojawapo ya yale majimbo 58 angeielewa mara moja. Ila ndani yake mlikuwa na dhana kwamba taifa zima limeshakubaliana juu ya mambo makubwa, na kwamba kilichobaki ni kuchagua mtu wa kuyatekeleza.

Uamuzi wa msingi, na mpaka wake

Januari 1964 Rais aliunda tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa. Mwezi huohuo palitokea Mapinduzi ya Zanzibar na uasi wa wanajeshi wa Tanganyika Rifles, na Aprili ukaja Muungano. Tume ilifanya kazi yake katika nchi iliyokuwa imetikiswa kweli.

Hadidu za rejea ziliweka mpaka waziwazi. Tume haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja, maana hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Iliulizwa iwe ya chama kimoja cha namna gani. Wajumbe walizunguka mikoani, wakasikiliza wananchi, na Machi 1965 wakatoa ripoti. Katiba ya Muda ilipitishwa Julai mwaka huo, ikaitambua TANU kuwa chama pekee Bara na Afro-Shirazi kuwa chama pekee Zanzibar.

Kwa haki lazima niseme kwamba ndani ya mpaka huo tume ilifikiri kwa bidii. Ilijiuliza fedha zitamfanyia nini mgombea maskini, ukabila utafanya nini palipo na makabila mengi, na ofisa mkubwa atamfanyia nini mpinzani wake. Karibu kila kanuni ya 1965 inaweza kufuatiliwa hadi kwenye hofu fulani ya kweli. Ripoti hiyohiyo ndiyo iliyopendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka, ambacho nchi nyingi zenye vyama vingi hazikuwa nacho wakati ule.

Mchujo

Aliyetaka ubunge alipaswa kuwa mwanachama wa TANU na kuleta saini za wapiga kura 25 wa jimbo lake. Saini 25 si mzigo. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa ushirika au mkulima aliyejulikana kijijini angezipata kwa siku moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi, na watu walijitokeza kwa wingi kiasi kwamba majimbo mengi yalikuwa na waombaji kadhaa.

Mlango wa pili ulikuwa Mkutano Mkuu wa TANU wa Wilaya. Wajumbe waliwaita waombaji mmojammoja, wakawahoji, kisha wakapiga kura ya siri kuonyesha nani wanampendelea. Mlango wa tatu ulikuwa Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ilipokea orodha kutoka wilayani na kuteua majina mawili kwa kila jimbo. Katika majimbo mengi iliwachukua wawili waliopata kura nyingi wilayani. Katika machache ilimruka mmoja wao na kumweka mwingine.

Mtu anaweza kuona kwamba kama Halmashauri Kuu ilifuata maoni ya wilaya mara nyingi hivyo, basi mchujo wake ulikuwa wa kutimiza utaratibu tu. Mimi nauona kwa jicho jingine. Mamlaka ya kukata jina hayahitaji kutumiwa mara nyingi ili yafanye kazi. Mwombaji mwenye mawazo tofauti juu ya kilimo, ushirika au Muungano alijua tangu siku ya kutafuta saini kwamba safari yake inaishia kwenye meza ya viongozi wa kitaifa, na alijipima mapema. Majina yaliyokatwa tunaweza kuyahesabu. Watu waliojikata wenyewe kabla ya kufika hawahesabiki.

Mwishowe, kati ya majimbo 107, majimbo 101 yalipata wagombea wawili. Machache yalibaki na mtu mmoja asiye na mpinzani.

Kampeni: meza moja, muda sawa

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na utajiri, na hapa napenda kukaa kidogo.

Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe. Mikutano yote iliandaliwa na TANU wilayani, na wagombea wote wawili walihudhuria pamoja. Mara nyingi walisafiri pamoja pia, tarafa kwa tarafa, kwa gari moja. Wakifika uwanjani walikaa meza moja, mbele ya watu walewale, chini ya wasimamizi walioteuliwa na chama. Mmoja alizungumza, akafuata mwenzake, kwa muda uleule, kisha maswali.

Fikiria maana yake kwa mbunge aliyekuwa waziri. Alizoea kufika kijijini na msafara, akapokewa na ngoma, akahutubia peke yake. Sasa alikaa kwenye kiti kinacholingana na cha mwalimu kijana wa palepale, na mzee mmoja katikati ya umati aliweza kusimama na kuuliza mara ya mwisho mbunge alikanyaga kijiji kile lini. Hapakuwa na bendi wala zawadi za kumkinga. Sheria ilikataza mgombea kutumia fedha zake kujipigia debe, na ilikataza pia kujinadi kwa kabila, dini au rangi. Mgombea hakuruhusiwa kusema kwamba Rais au chama kinamtaka yeye. Nyerere mwenyewe alijiweka mbali na pande zote.

Lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake. Sababu ilikuwa kuzuia ukabila, na kwa sehemu kubwa kanuni hiyo ilifanikiwa. Ilikuwa pia hatua kubwa kwa lugha yenyewe, maana uchaguzi mzima wa Bunge, kutoka Bukoba hadi Newala, ulifanywa kwa lugha moja ya Kiafrika. Lakini ilikuwa na gharama ambayo hatupendi kuisema. Bibi na babu wa bara ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu alikaa mkutanoni akashika nusu ya maneno, na mgombea aliyesoma alikuwa na faida dhidi ya yule ambaye ufasaha wake wote ulikuwa katika lugha ya nyumbani.

Kisha kuna alama. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa moja ya alama mbili, jembe au nyumba. Zilichaguliwa kwa kuwa zilionekana hazina upande: kila mtu analima, kila mtu analala mahali. Wananchi na wagombea hawakuziacha hivyo. Mwenye jembe aliwakumbusha watu kwamba bila jembe hakuna chakula na kwamba taifa linajengwa kwa kulima. Mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima hodari jioni hurudi nyumbani, na jembe lenyewe hulazwa ndani ya nyumba. Kwa kuwa sera haikuruhusiwa kuwa mada, ubishi ulihamia kwenye picha.

Hilo naliona kuwa jambo la maana kuliko linavyoonekana. Wagombea wawili wenye ilani moja, waliokatazwa kukosoa chama, na waliokatazwa kugusa kabila na dini, walibaki na mambo matatu ya kusema: mimi ni nani, mwenzangu ni nani, na nitawaletea nini. Shule, zahanati, barabara, kisima. Mgombea aliyekuwa madarakani alishtakiwa kwa kuwasahau watu wake, kwa kuhamia Dar es Salaam, kwa kutoonekana. Mpinzani aliahidi kuonekana. Huo ndio uliokuwa moyo wa kampeni ya 1965, na mpiga kura aliuchukulia kwa uzito wote.

Matokeo

Zaidi ya watu milioni 3 walijiandikisha, na zaidi ya milioni 2.5 walipiga kura. Kwa kulinganisha, mwaka 1960 haki ya kupiga kura ilikuwa bado imefungwa kwa masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Kura ya urais, iliyokuwa ya ndiyo au hapana kwa jina moja, ilimpa Nyerere zaidi ya asilimia 96.

Walioanguka ndio walioshtua. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Huyu ndiye aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950, na bila ushirika ule TANU isingeota mizizi Usukumani kama ilivyoota. Kufikia 1965 mkulima wa pamba alikuwa na malalamiko mengi juu ya ushirika wenyewe, hasa makato kwenye bei, kiasi kwamba mwaka uliofuata serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Sisemi pamba peke yake ilimwangusha. Ila mtu anayejulikana kwa jambo fulani huhukumiwa kwa jambo hilo, na sanduku la kura lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mkulima angeweza kusema bila kuitwa ofisini.

Bibi Titi Mohamed, waziri mdogo na mmoja wa watu waliowaleta wanawake kwa maelfu ndani ya TANU miaka ya 1950, alishindwa Rufiji. Kushindwa kwake kunaniuma kuliko kwa Bomani. Jina kubwa katika historia ya uhuru halikumlinda mtu, na hilo lilikuwa sawa. Lakini katika uwanja ambao karibu wagombea wote walikuwa wanaume, mwanamke mmoja aliyebaki nje alipunguza sauti ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo.

Upande mwingine, Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro dhidi ya mpinzani Mwafrika, na Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Miaka saba kabla, chini ya kura tatu, mpiga kura alilazimishwa na sheria kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwaka 1965 hakuna aliyemlazimisha mtu wa Morogoro. Alimchagua Jamal kwa hiari yake.

Zanzibar haikuwa na uchaguzi wa wabunge mwaka huo. Wawakilishi wake waliingia Bungeni kwa uteuzi.

Kilichofanya kazi

Kura ilikuwa kura. Masanduku yalifunguliwa, wakubwa wakashindwa, na matokeo yakaheshimiwa. Mwaka huohuo, Juni 1965, Ghana ya Kwame Nkrumah ilifanya kinachoitwa uchaguzi wa Bunge ambapo wagombea wote 198 wa CPP, chama chake, walitangazwa kuwa wamepita bila kupingwa, na hakuna mwananchi aliyepiga kura. Nchi zote mbili zilikuwa za chama kimoja kisheria, na zote ziliongozwa na waasisi waliopendwa. Ukiziita zote mbili igizo, umekataa kuona tofauti ambayo Bomani aliiona vizuri sana.

Kanuni za kampeni zilifanya kazi kwa sababu zilishughulikia vitu vinavyoonekana na kupimika: muda wa kuzungumza, gari, meza, fedha, alama. Sijaona nchini mwetu, tangu vyama vingi virudi, utaratibu ulioweka mgombea maskini na mgombea tajiri karibu hivyo. Anayelalamikia takrima na rushwa za uchaguzi wa leo angefaidika kusoma kanuni zile, pamoja na mapungufu yake yote.

Mahakama nayo ilikuwa na kazi. Walioshindwa waliruhusiwa kufungua kesi, na baadhi walifungua. Kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo, iliyotokana na uchaguzi huo na kuripotiwa 1967, bado inanukuliwa na mawakili na majaji wa Tanzania inapoulizwa kasoro ya uchaguzi inapaswa kuthibitishwa kwa kiwango gani, na ni lini inahesabiwa kuwa imeathiri matokeo. Sheria ya kesi za uchaguzi katika nchi ya vyama vingi imeegemea hukumu ya uchaguzi wa chama kimoja.

Kilichoshindikana

La kwanza ni namna walioanguka walivyorudi. Bomani hakukaa nje. Rais alikuwa na nafasi za kuteua wabunge, na muda mfupi baadaye Bomani alikuwa tena katika baraza la mawaziri, safari hii akishika uchumi na mipango ya maendeleo. Nyerere alimhitaji, na kwa uwezo wake mtu huyo alistahili kazi. Ila watu wa Mwanza walikuwa wamesema hapana. Jibu walilopata ni kwamba hapana yao ilihusu kiti cha jimbo tu.

La pili ni Bunge lenyewe. Wabunge 107 wa majimbo walikaa na wabunge hadi 10 wa kuteuliwa na Rais, 15 kutoka jumuiya za kitaifa, wakuu wa mikoa walioingia kwa vyeo vyao, na wajumbe kutoka Zanzibar ambao kati yao hadi 32 walitoka Baraza la Mapinduzi. Ukijumlisha, mtu aliyepigiwa kura na wananchi alikuwa mmoja kati ya wawili hivi. Mkuu wa mkoa aliyekaa kiti cha pili yake alikuwa wakati huohuo katibu wa TANU wa mkoa. Mbunge mpya aliyeingia na deni la kisima na zahanati alijikuta akiomba kwa mtu ambaye pia alikuwa na sauti juu ya mchujo wake ujao.

La tatu ndilo zito. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama watu kadhaa, wakiwamo wabunge. Mmoja wa waliofukuzwa, Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri na Katibu Mkuu wa TANU, alikuwa ameshaondoka nchini. Wengine walikuwa wabunge waliokosoa serikali na chama waziwazi. Kwa kuwa ubunge ulifungwa na uanachama, wabunge waliofukuzwa walipoteza viti vyao. Wapiga kura waliosikiliza mikutano ile ya meza moja, wakapanga foleni, wakaweka alama kwenye jembe au nyumba, hawakuulizwa lolote. Kikao kilichowapa majina mawili ya kuchagua kilikuwa na uwezo wa kuufuta uchaguzi wao kabla muda haujaisha.

Ukiweka mambo hayo matatu pamoja utaona umbo la madaraka yaliyokuwapo. Mwananchi aliweza kumtoa mtu jimboni, na chama kikaweza kumrudisha serikalini. Mwananchi aliweza kumwingiza mtu Bungeni, na chama kikaweza kumtoa. Uhuru wote wa mpiga kura ulikaa katikati ya milango miwili, na funguo za milango yote miwili zilikuwa na mtu mwingine.

Siamini kwamba waliotunga utaratibu huu walitaka kuwadanganya watu. Nikisoma hoja zao nakutana na watu walioogopa kwa dhati nchi changa isipasuke. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba makubaliano ya 1961, ambapo kila mtu alitaka uhuru, yangedumu katika mambo ya bei ya pamba, vijiji vya ujamaa na mipaka ya madaraka. Februari 1967 lilikuja Azimio la Arusha, badiliko kubwa kuliko yote tangu uhuru, na hakuna mgombea hata mmoja wa 1965 aliyekuwa ameombwa na wapiga kura wake kulikubali au kulikataa. Kanuni za kampeni zilikuwa zimehakikisha kwamba jambo la ukubwa huo haliwezi kujadiliwa jukwaani.

Utaratibu ulivyoendelea

Wagombea wawili, jembe na nyumba, ziliendelea katika chaguzi zilizofuata, 1970 na 1975, kisha chini ya CCM baada ya Februari 1977 hadi uchaguzi wa 1990. Kila mara wabunge wengi walianguka, na kila mara mwelekeo wa serikali ulibaki palepale.

Jirani zetu wa Kenya wanaonyesha jinsi utaratibu wa aina hii unavyoweza kuharibika usipolindwa. Mwaka 1988 KANU, chama pekee cha Kenya wakati huo, ilifanya mchujo wake kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa ameshachaguliwa bila kura ya siri. Mahali pengi waliotangazwa washindi walikuwa na foleni fupi mbele ya macho ya watu wote. Malalamiko yalikuwa makubwa mno, na Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha mlolongo. Tanzania ya 1965 ilikuwa na kura ya siri, na hilo peke yake liliokoa mengi.

Sharti la mgombea kuwa mwanachama wa chama liliingia katika sheria zetu pamoja na mfumo huu. Mfumo wa chama kimoja ulifutwa 1992. Sharti lilibaki, na maana yake sasa ni kwamba mgombea lazima apitishwe na chama chochote kilichosajiliwa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma ilikubaliana naye, na mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba kuzuia mgombea binafsi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge kuamua, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kuwazuia kugombea bila chama. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao, kama zile zote zilizotangulia tangu 1965, haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja.